Hata mtoto akilia, usifunue chungu

Leo nakuomba tuache kidogo habari za ugali na sukuma wiki, tuzungumze juu ya chungu. Si chungu cha nyanya yako kule mashambani, la. Ni chungu kilichotoka mbali, Japani, na ambacho kimemkosesha usingizi mmoja wetu.

Mmoja huyo ni dada anayeishi hapa mjini na mumewe na watoto wao wawili. Ameniandikia barua ya kurasa tatu. Kaka yake alikwenda kusoma Japani, na alipokuja likizo mwaka jana alimletea zawadi: chungu cheusi, kizito, chenye vifuniko viwili, kimoja juu ya kingine. Safari nzima ndani ya ndege alikipakata kama mtoto mchanga. Kwa miezi minane chungu hicho kilikaa juu ya kabati la vyombo, jirani na maua ya plastiki. Kisha siku moja wageni wakaja, na dada yetu akaona afadhali kitoke kikafanye kazi. Akakiosha, akakiteleka kingali kinadondosha maji chini, akamimina mafuta, akaanza kukaanga vitunguu vya pilau kwa moto mkali wa gesi. Vitunguu vilipoanza kushika, akachota maji baridi ya mfereji na kuyamwagia humo. Akasikia "ta!" Siku hiyo wageni walikula pilau ya sufuria.

"Kaka yangu anarudi Desemba," anaandika dada huyu. "Jambo la kwanza atakaloulizia ni chungu. Je, nimwambie kilikuwa kibovu tangu mwanzo, au nimwambie watoto walikiangusha?"

Dada, umeuliza maswali mawili katika moja. Nitaanza na la chungu, kisha nitalirudia la kaka.

Wajapani huviita vyungu vya aina hiyo "donabe", yaani chombo cha udongo cha kupikia. Vile vya kupikia wali, vinene na vyenye vifuniko viwili kama chako, vinasifika sana vikitoka Iga, katika mkoa wa Mie. Udongo wa Iga una historia yake. Miaka kama milioni nne iliyopita, mahali hapo palikuwa sakafu ya ziwa, lile ambalo leo liko kaskazini zaidi na linaitwa Biwa. Mimea na viumbe vidogo vya ziwa hilo vilizikwa katika tope. Mfinyanzi anapochoma chungu tanuuni, masalia hayo huungua na kuacha vitundu vidogo mno visivyohesabika. Kwa sababu ya vitundu hivyo, chungu hupata moto polepole, na kikishapata hakiuachi upesi. Ukizima jiko, chenyewe kinaendelea kupika.

Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo udhaifu wake. Hunywa maji, na maji yaliyojificha ndani ya udongo yakikutana na moto wa ghafla, chungu hupasuka.

Na usidhani, msomaji, kwamba vyungu hivi havituhusu sisi Waafrika. Katika mkoa huo huo wa Mie kuna mji wa Yokkaichi, unakotoka ufinyanzi wa Banko. Wafinyanzi wa huko huchanganya udongo wao na madini ya petalaiti, ambayo hukisaidia chungu kuvumilia moto. Kwa miaka mingi wameyategemea madini hayo kutoka Bikita, nchini Zimbabwe. Tatizo ni kwamba petalaiti ina lithiamu ndani yake, na lithiamu sasa inatafutwa kwa udi na uvumba ili kutengenezea betri za magari ya umeme. Mwaka wa 2022, mgodi wa Bikita ulinunuliwa na kampuni ya Kichina ya Sinomine, na wafinyanzi wa Yokkaichi wakajikuta wakihangaika kutafuta madini huku bei ikipanda. Kwa hivyo mama wa Kijapani anayeteleka chungu chake huenda anateleka kipande cha Afrika bila kujua.

Sasa turudi kwa chungu chako. Dada, chungu hicho hakikuwa kibovu. Ulikikosea mara nne. Kosa la kwanza, hukukipikia uji. Chungu kipya hutiwa maji mpaka karibu kujaa, ukatiwa wali uliokwisha kupikwa, kiasi cha sehemu moja kwa tano za maji hayo, na kuachwa juu ya moto mdogo kwa muda wa saa moja hivi mpaka uwe uji mzito. Wanga wa uji huo huingia katika vile vitundu na kuviziba. Kosa la pili, ulikiteleka na unyevu chini. Kosa la tatu, ulikikaangia vitunguu kikavu kwa moto mkali, kana kwamba ni karai. Kosa la nne, na hili ndilo lililotoa ile "ta!", ulikimwagia maji baridi kingali moto.

Je, kimekufa? Huenda hakijafa. Mistari myembamba kama nywele kwenye chungu cha udongo si msiba, hata vyungu vilivyotunzwa vizuri huipata kwa sababu ya kutanuka na kusinyaa. Kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti safi, kuna matumaini. Kikitoa sauti ya kukwaruza kama debe lililopondeka, ufa umeingia ndani. Kisha kitie maji, kiweke juu ya gazeti kavu na ungoje. Gazeti likilowa kidogo tu, kipikie uji kama nilivyoeleza, uache upoe humo humo kabisa, ukimwage, ukioshe na ukianike kikiwa kimeinamishwa mpaka kikauke hata chini. Kama bado kinavuja baada ya uji wa pili, usikirudishe motoni, maana kinaweza kukuachana na kumwagia mtu maji ya moto. Kipande maua, na sasa yawe maua ya kweli.

Tuseme basi kimepona. Kesho utapika nini? Usinipikie pilau humo. Pika wali mtupu, wali wa Kijapani, kwa mchele wa punje fupi nene ambao ukiiva hushikana. Pishori ya Mwea ni tamu, nami siibadilishi na kitu, lakini punje zake ni ndefu na huachana. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, ndivyo walivyosema wahenga, lakini huku hata mchele wenyewe ni tofauti.

Wajapani hupima mchele kwa kikombe kidogo kiitwacho "go", chenye mililita 180. Vikombe viwili, yaani kama gramu 300, vinawatosha watu wanne wasio na njaa ya shamba. Tia maji, koroga mara moja, umwage haraka, kwa kuwa mchele mkavu hunywa maji ya kwanza, na hayo ndiyo machafu. Kisha usugue taratibu kwa vidole na ubadilishe maji mara tatu au nne. Yasiwe meupe kama maziwa, wala huhitaji yawe kama ya chemchemi. Uloweke nusu saa. Umwage maji hayo yote, utie mchele chunguni na mililita 400 za maji mapya.

Funika kifuniko cha ndani, halafu cha nje. Angalia matundu: tundu la kifuniko cha juu lisikae katika mstari mmoja na yale ya chini, liyakate kama msalaba, ili povu lisipate njia ya kutokea. Hakikisha chini ni pakavu. Washa gesi, moto wa kati unaoelekea kuwa mkali, na usiupunguze. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano, mvuke utatoka tunduni kwa nguvu kama pumzi ya fahali. Hesabu dakika moja au mbili, kisha zima.

Sasa ndipo kazi ngumu inapoanza, nayo ni kutofanya kitu. Dakika ishirini nzima usifunue, usichungulie, wala usitikise. Chungu kinene kinamalizia kupika kwa joto lake chenyewe, na kila punje inanywa maji yaliyobaki. Ukifunua, mvuke huondoka na haurudi, na wali wa juu hubaki na kiini kigumu. Wazee wa Japani wana msemo wa jikoni unaojulikana nchini mwao kote. Unafunza kwamba moto uanze mdogo, kisha uchachamae, na hata mtoto akilia kwa njaa, kifuniko kisiondolewe. Moto mdogo wa mwanzo ulikuwa wa siku za kuni, lakini chungu kinene hupata joto polepole chenyewe, kwa hivyo sehemu hiyo kitakufanyia. Iliyobaki ni ya kwako.

Dakika ishirini zikiisha, funua. Chovya mwiko wa mbao majini, ugeuze wali kutoka chini kwenda juu. Chini utakuta tabaka la rangi ya kahawia linalonukia. Wajapani huliita "okoge" na huligombania mezani. Wewe unalifahamu tangu utotoni: ni ukoko! Kumbe watoto wa Iga na watoto wa Lamu wanagombania kitu kimoja. Wali ukibaki, usiulaze chunguni. Uhamishie chombo kingine, uoshe chungu kikishapoa, ukikaushe kabisa, maana unyevu huleta kuvu.

Nakusikia, msomaji, ukilalamika: nani ana saa nzima na zaidi ya wali, akitoka kazini saa kumi na mbili na kukwama kwenye msongamano wa magari? Una haki. Hata Wajapani walilalamika. Zamani mama wa nyumbani aliamka alfajiri kuchochea kuni chini ya chungu cha wali. Ndipo Desemba 1955 Toshiba ikaanza kuuza chungu cha umeme kinachojizima chenyewe. Kilibuniwa na Yoshitada Minami, na aliyefanya majaribio ya kupika, sufuria baada ya sufuria, ni mkewe Fumiko. Chombo hicho kiliwapa kina mama usingizi wao, na mimi sitamcheka anayekitumia. Chungu cha udongo si cha kila siku. Ni cha Jumapili kama ya leo, wakati nyumba nzima ipo na hakuna anayekimbilia matatu.

Na sasa, dada, kaka yako. Katika barua yako umetaja, kama jambo dogo tu, kwamba watoto walikuwapo jikoni na walisikia ile "ta!" Basi hao unaotaka kuwasingizia ndio mashahidi wako. Ukisema walikiangusha, hawatakubishia mbele ya mjomba wao, kwa kuwa wanakuheshimu. Watanyamaza. Lakini siku nyingine kikombe kikivunjika, au ripoti ya shule ikiwa mbaya, watakumbuka jinsi mambo kama hayo yanavyomalizwa nyumbani kwenu. Ukisema chungu kilikuwa kibovu, utamnyang'anya kaka yako furaha ya zawadi aliyoipakata kutoka Japani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwandikie leo, usingoje Desemba. Mwambie: kaka, nilikosea, nilikipasha moto kikavu na kukimwagia maji. Nimekipikia uji, na sasa kinashika maji, au hakishiki. Huenda yeye mwenyewe amekwisha kupasua kimoja kule ugenini na hajamwambia mtu.

Na akifika, mpikie wali. Kama chungu kimepona, pikia humo. Kama kimekufa, pikia katika sufuria, na maua yawe mezani ndani ya chungu. Waite watoto waje wangoje zile dakika ishirini pamoja nanyi, na umweleze kaka yako kisa chote wao wakiwapo. Kifuniko cha chungu kisifunuliwe kabla ya wakati wake. Kile cha moyoni, dada, kimekwisha kukaa motoni vya kutosha.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.