Namba au Imeili, Si Ni Mimi Yuleyule?

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa mkoani kwenye mazoezi ya kufundisha, bumu lilitoka na mimi nikakosa kusaini. Mfumo mmoja wa chuo unataka namba ya usajili na vimistari vyake vyote, mwingine unataka barua pepe, wa tatu namba ya kidato cha nne. Mimi nikaandika imeili. Jibu: "Taarifa si sahihi." Nikadhani nimesahau nywila. Nikajaribu zote ninazozijua mpaka akaunti ikafungwa, na kuifungua ni lazima ufike ofisini mwenyewe, safari ya siku nzima kwa basi. Wiki tatu nilikula kwa mwalimu mwenzangu, hadi watoto wake wakaanza kuniita shangazi.

Kosa langu? Nusu, ndiyo. Lakini kwa nini mfumo usikubali chochote kati ya namba na barua pepe? Namba ya usajili haina alama ya @. Mtu akiandika kitu chenye @, mfumo utafute kwenye barua pepe; kisipokuwa nayo, utafute kwenye namba. Nywila ni ileile. WordPress imeruhusu hivyo tangu 2016, na kwenye Moodle msimamizi anaweka tiki tu.

Rafiki yangu wa kompyuta anasema nawafungulia wezi mlango wa pili. Jamani, namba zetu si zinabandikwa ubaoni pamoja na matokeo? Kinachotulinda ni nywila. Majaribio yahesabiwe kwa akaunti, yaani ukikosea kwa namba na ukikosea kwa imeili, yote yajumlishwe.

Wapo wanaotaka tuhamie barua pepe peke yake. Hao hawakuombea chuo steshenari. Wengi wetu imeili ya kwanza tulifunguliwa na kijana wa steshenari, na nywila anaijua yeye. Wengine aliwajazia ya kwake, watu kumi kwa imeili moja! Hapo ndipo penye kazi, maana mfumo hautajua ni nani kati ya hao kumi anaingia. Basi wiki ya usajili wa kozi kila mtu athibitishe barua pepe yake mwenyewe, na ambaye hajathibitisha aendelee na namba.

Mwezi ujao narudi mazoezini. Namba yangu nimeiandika kwa wino nyuma ya daftari la maandalio, na vimistari vyote vitatu.