Kidani Hakisomwi kwa Tola

Jamaa zangu, tangu Unguja hata Maskati, husema "dhahabu ya Kihindi" kana kwamba Bara Hindi zima lina sonara mmoja. Naipinga kauli hiyo, kwa kuwa ndiyo inayohalalisha kuyeyusha vidani vya mabibi zetu: "Cha Kihindi tu, mtindo umepitwa."

Cha Kihindi cha wapi? Sonara wa Jaipur, huko Rajasthan, hubana mawe kwa dhahabu safi nyembamba kama karatasi. Ndiyo kundan, na mgongoni huipamba kwa rangi za minakari, azijuazo mvaaji peke yake. Wa Cuttack, Odisha, husuka nyuzi za fedha. Kerala hupanga sarafu za dhahabu ziwe mkufu. Mke wa Kihindu wa Bengal huvaa bangili nyeupe za kombe la bahari pamoja na nyekundu za marijani. Kutch, walikotoka wengi waliovuka kuja Unguja, inasifika kwa fedha nzito.

Mizani haiyajui hayo. Tena kundan hujazwa lakiri ndani: ukiiyeyusha, utalipwa dhahabu kidogo, na kazi ya mikono imepotea milele.

Ukoo uliohama mara mbili, kwenda Unguja na kurudi Oman, hauna nyaraka nyingi. Basi kabla ya kuuza, kigeuze kidani, utazame mgongo wake, kisha uwaulize wazee kilinunuliwa wapi na kilivaliwa na nani. Bei ya dhahabu itapanda tena, wazee hawatarudi.