Lugha Isikomee Kwetu

Ndugu zangu, nimepata kusimama Swansea, pwani ya Wales, mbele ya nyumba ya Cwmdonkin Drive alimozaliwa Dylan Thomas mwaka 1914. Wazazi wake wote wawili walijua Kiwelisi, lakini walimlea kwa Kiingereza. Akawa mshairi mashuhuri asiyeijua lugha ya wazee wake. Baba yake, mwalimu wa Kiingereza, huenda alidhani anamfungulia njia.

Nasi, Maskati na London, twatoa hoja iyo hiyo. Mimi siikubali tena. Binti yangu humjibu bibi yake kwa Kiingereza; bibi hutabasamu tu, asielewe. Kiingereza na Kiarabu watoto watavipata shuleni. Kiswahili hakina shule huku ila majumba yetu. Tukinyamaza, kitakomea kwetu.