Mbao ni Bob Ngapi? Kenya, Bongo na Hesabu ya Mtangawanda

Mtaani mbao ni bob ishirini. Mtangawanda, kisiwa cha Pate kule Lamu, ishirini ina jina lake: korija. Boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Shika hiyo namba, tutairudia.

Kitambo majahazi ya Oman, Kuwait na Bahrain yalishuka Lamu na kaskazi, yakangoja kusi, kisha yakarudi kwao yamejaa boriti. Huko jangwani miti ya kuezekea ilikuwa haba, kwa hivyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Wao wanaagiza, sisi tunauza. Halafu mafuta yakawaletea simiti na chuma, na 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje.

Ruka hadi Februari 2018. Serikali ikasimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Wakata mikoko wa Lamu wakaumia, na kaunti yao ndiyo yenye zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Lakini mjengo haukusimama. Watu wakazidi kutafuta mbao Bongo, za kutoka Iringa na Njombe. Pale Mufindi kuna Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali ya Tanzania. Sasa sisi ndio tunaagiza.

Hapa ndipo grafu hucheza watu. Ukiona mstari wa thamani ya mbao zinazoingia Kenya umepanda, usikimbilie kusema tumeleta mbao nyingi. Mwanzo wa 2018 dola ilikuwa kama bob 100. Januari 2024 ilipita 160. Mzigo wa dola 1,000 uliosoma laki moja, wakati huo ulisoma laki na sitini, na hakuna hata ubao mmoja ulioongezeka!

Bongo je? Katika muda huo huo dola ilitoka kama 2,250 hadi kama 2,500 za kwao, yaani ongezeko la asilimia 11 hivi. Weka nchi zote mbili kwenye grafu moja, kila moja na shilingi yake, na Kenya itaonekana ina kiu ya mbao kuliko jirani. Kumbe shilingi yetu ndiyo ilichapwa.

Kuna mtego mwingine. Kwenye vitabu vya forodha mbao ziko sura ya 44, karatasi sura ya 48. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa 2009, pengo lake halikuonekana kwenye mbao, lilikaa kwenye karatasi. Anayejumlisha zote na asiyejumlisha watakupa Kenya mbili tofauti.

Mbona ujali? Kwa sababu grafu kama hizi ndizo huletwa mezani wakati wa kuamua nani akate mti na nani aache. Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuondoa ile marufuku, hoja ilikuwa miti inaozea msituni huku watu wakikosa mbao. Ni hoja ya kupimwa, lakini ipimwe kwa miti, si kwa doo pekee.

Kwa hivyo mtu akikuletea grafu, muulize: ni pesa ya nani, ni tani ngapi, na karatasi imo? Dola iwe 100 au 160, pale Mtangawanda korija ni boriti ishirini tu.