Watoto wa besiboli Kampala: Cheti kilipotiliwa shaka, nani alipaswa kuadhibiwa?

MFANYABIASHARA anayevusha maharage Busia au Mutukula anafahamu kwamba gunia lisilo na karatasi ni gunia lenye matatizo. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupewa cheti rahisi cha asili palepale mpakani, na mwenye mali akaendelea na safari yake.

Maharage, basi, yana karatasi ya kuonyesha yalikotoka. Mtoto aliyeketi juu ya gunia hilo mara nyingi hana.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowagharimu watoto wa Kampala mwaka 2011, katika mchezo ambao Waganda wengi walikuwa hawajawahi hata kuuona. Itakumbukwa kwamba mwaka huo timu ya besiboli ya Rev. John Foundation ilikwenda Kutno, nchini Poland, ikaifunga timu ya Dhahran ya Saudi Arabia na kutwaa ubingwa wa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa ushindi huo ilipata nafasi ya kucheza fainali za dunia za Little League, mashindano ya watoto yanayofanyika kila mwaka Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika huko.

Haikufika na hiyo. Ubalozi wa Marekani ulikataa kuwapa viza, kwa maelezo kwamba taarifa za umri na tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji hazikulingana. Dhahran, walioshindwa uwanjani, ndio waliopanda ndege.

Kampala iligawanyika, kama inavyotarajiwa. Wapo waliosema ni dharau ya wakubwa kwa wanyonge. Wengine walinong'ona kwamba makocha wetu wamezoea kupunguza miaka kama vile mchuuzi anavyopunguza bei. Nadhani pande zote mbili ziliharakisha, kwa sababu hakuna aliyeisoma kanuni yenyewe.

Kanuni ya wakati huo ilimkubali mtoto ambaye hajatimiza miaka 13 kabla ya Mei 1 ya mwaka wa mashindano. Maana yake ni kwamba aliyetimiza 13 Aprili 30 alikuwa nje, na aliyetimiza siku iliyofuata alikuwa ndani. Usiku mmoja tu uliwatenganisha.

Kwa familia yenye cheti cha hospitali, hilo ni suala la kufungua kabati. Kwa familia ambayo mtoto alizaliwa nyumbani, baba amefariki, na shangazi anayemlea anakumbuka tu kwamba ilikuwa msimu wa mvua, kanuni hiyo haijibiki. Shangazi akiulizwa mara ya kwanza atataja mwezi mmoja, akiulizwa mara ya pili atataja mwingine. Ofisa wa ubalozi ataandika kwamba maelezo yanapingana, na kwa haki kabisa, maana kweli yanapingana.

Si kwamba hali hiyo ilikuwa ya wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka huohuo, 2011, ulionyesha kwamba ni watoto takriban 30 tu katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa kwao nchini Uganda. Wengine walikuwa na kumbukumbu ya mama, kadi ya chanjo kama haikuloa, au maneno ya mwalimu mkuu.

Hapa ndipo udanganyifu na kutojua vinapofanana sura. Anayeghushi ana cheti kipya chenye tarehe nzuri. Asiyeghushi naye, akitafutiwa cheti wiki chache kabla ya safari, anatoka ofisini na cheti kipya chenye tarehe nzuri. Sisemi kwamba kila mtoto wa timu ile alikuwa na umri halali. Ninachosema ni kwamba ushahidi wa kumtofautisha mkweli na mwongo haukuwapo tangu mwanzo, na aliyepaswa kuuweka hakuwa mtoto.

Wapo wanaouliza kwa nini michezo ya watoto iwe na ukali wa namna hiyo. Jibu liko kwenye kipimo cha uwanja. Katika Little League mrushaji anasimama takriban mita 14 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira ule ni mgumu. Kijana wa miaka 14 mwenye mabega yaliyokwisha kupanuka akiurusha kwa nguvu zake zote, mtoto wa miaka 11 hana muda wa kukwepa. Kwa hiyo umri ni kanuni ya usalama kabla ya kuwa kanuni ya ushindi. Kanuni nyingine za ligi hiyo zina moyo uleule: mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidisha mirusho 85 kwa siku, ili mkono usiharibike.

Marekani wenyewe wamelionja jambo hili. Mwaka 2001 mtoto Danny Almonte wa timu ya Bronx, New York, alitikisa nchi nzima kwa urushaji wake Williamsport. Baadaye kumbukumbu za Jamhuri ya Dominika, alikozaliwa, zilionyesha kwamba alikuwa na miaka 14. Matokeo ya timu yalifutwa, baba yake na mwanzilishi wa timu wakafungiwa. Karibu na kwetu, mwaka 2018 Zanzibar ilitolewa kwenye mashindano ya CECAFA ya vijana chini ya miaka 17 nchini Burundi kwa kupeleka wachezaji waliozidi umri.

Katika soka, tangu 2009 FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Kipimo hicho huangalia kama mfupa umekwisha kuungana, jambo linalotokea karibu na umri huo. Kwa mtoto wa miaka 12 hakisaidii kitu. Hapo hakuna mashine. Ni karatasi peke yake.

Sasa twende Kanada, kwa sababu kisa hiki kina sehemu ambayo magazeti mengi yaliipitia haraka. Wapinzani wa kwanza wa Uganda kule Williamsport wangekuwa watoto wa Langley, mji wa jimbo la British Columbia. Watoto hao walikwenda Marekani, wakacheza na Dhahran, wakarudi nyumbani. Lakini baadhi ya wazee wa Kanada waliona kwamba kuna mechi moja haijachezwa. Michango ikakusanywa, na Januari 2012 timu ya Langley ikatua Uganda. Nyota wa besiboli ya kulipwa kama Jimmy Rollins nao walifika. Mechi ilichezwa, na watoto wa Uganda wakashinda 2-1.

Mechi ile haikubadilisha rekodi yoyote, wala haikumfundisha mtu siku yake ya kuzaliwa. Hata hivyo, Langley hawakusema kanuni ivunjwe. Hawakuwaita maofisa wa viza waongo. Walichokataa ni kwamba kosa la makaratasi ya watu wazima liishie kwenye mwili wa mtoto kama adhabu, basi wakasafiri wao.

Tendo kama hilo si la besiboli pekee. Katika lakrosi, mchezo wa fimbo zenye wavu ambao watoto wa Kanada huucheza pia ndani ya kumbi za magongo ya barafu wakati wa kiangazi, wazawa wa Iroquois ndio wenye asili yake. Mwaka 2010 timu yao ilishindwa kwenda mashindano ya dunia Manchester kwa sababu Uingereza haikuzitambua pasi zao za kusafiria. Miaka kumi baadaye, walipoachwa nje ya Michezo ya Dunia iliyopangwa kufanyika Birmingham, Alabama, Ireland ilijitoa ili Iroquois waingie. Uganda, ambayo mwaka 2014 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya lakrosi, kule Denver, imo katika familia hiyo ya mchezo na haina budi kukijua kisa hicho.

Turudi Kampala. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilishinda tena Kutno, na safari hii viza zikatoka. Williamsport ilifungwa na Panama na Mexico, kisha ikaifunga Gresham ya Oregon 3-2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Mwaka 2022 vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers. Njia ipo, na inazidi kuwa na fedha ndani yake. Penye fedha kishawishi cha kupunguza miaka hakipungui.

Kwa sababu hiyo, ninadhani viongozi wa michezo wanakosea wanapoanza kuulizia vyeti timu inapokuwa imekwisha kufuzu. Siku ya kuuliza ni ile ambayo mtoto wa miaka saba anapewa glovu au fimbo kwa mara ya kwanza. Asiye na cheti asifukuzwe. Aandikwe jina, mzazi aitwe, na kocha aambatane naye hadi ofisi ya NIRA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Tarehe inayoandikwa wakati hakuna kombe lolote mezani ina uzito ambao ile ya wiki ya viza haiwezi kuwa nao. Na ada ya cheti cha mtoto wa Kiganda ni ndogo kuliko nauli ya basi kutoka Kampala hadi Busia.

Kwa msomaji aliyerejea kutoka nchi jirani, kazi ni kubwa kidogo. Mtoto aliyezaliwa Nairobi, cheti chake kiko Nairobi. Aliyezaliwa Goma, sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha bure. Zikipita, njia ni hukumu ya mahakama. Mama anayekwenda huko kila mwezi kwa vitenge anaweza kuyafuatilia hayo katika safari zake za kawaida, mtoto akiwa bado na miaka sita na hakuna kocha anayesubiri jibu.