Simyuleta Kwanza, Droni Baadaye

Wasee wa Kericho na Bomet, kila nikipost video ya droni juu ya mashamba ya chai swali ni moja tu: "Hiyo kitu ni ngapi?" Sawa, lakini mimi ningeuliza kwanza: ukipewa leo, itakaa hewani dakika ngapi kabla uiangushe?

Droni ikikupa mgongo, kushoto ni kushoto. Ikigeuka ikutazame, kushoto yake inakuwa kulia kwako. Kichwa kinajua hivyo, vidole havijui. Upepo unaisukuma kwa mikaratusi, unasukuma kijiti upande mbaya, imeenda hiyo. Vidole hufundishwa kwa kurudia, na kurudia kunataka mahali ambapo kuanguka ni bure. Ndiyo maana ya simyuleta. Unachomeka rimoti ya kweli kwa kompyuta (si kibodi, tafadhali), unaanguka, unabonyeza kitufe, unaanza tena. Zima GPS uone vile droni inapeperuka kama karatasi. Siku moja itakufanyia hivyo kweli, afadhali ikupate umezoea.

Halafu kuna mvua yetu. Kericho ikifika saa nane mchana mara nyingi wingu limeshajaa, na droni nyingi hazitaki maji. Simyuleta haijali, mradi stima isipotee.

Na si wazo geni. Mwaka 1929, Mmarekani Edwin Link, ambaye babake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kuunda kijidege cha mazoezi kisichoondoka chini. Jeshi lao lilikipuuza hadi 1934, lilipopewa kazi ya kusafirisha barua na marubani wakafa kwa hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua sita.

Sasa turudi nyumbani. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa hapa Kericho. Hasira ile naielewa, kwa sababu mashine moja inabeba mboka ya watu wengi. Droni za kunyunyizia dawa na kupima mashamba nazo tayari zinafanya kazi kwingine nchini. Zikizoeleka huku, nani atashika rimoti? Rubani wa kutoka Nairobi anayelala hotelini siku mbili na kurudi, ama kijana wa Mogogosiek ambaye mamake amechuna chai maisha yake yote?

Kanuni za 2020 zinataka rubani wa biashara awe na leseni ya KCAA na awe amefika miaka 18. Simyuleta haikupi leseni, hapo nisikudanganye. Lakini kozi ni pesa, na ni uchungu kulipa mwalimu akufundishe kushoto na kulia.

Kwa hivyo kaunti zetu mbili ziweke kompyuta chache na rimoti kwa vyuo vya ufundi, Litein, Sotik, kokote. Najua kiongozi anapenda kupigwa picha akikabidhi droni. Hiyo droni moja watoto arobaini wataipigania, na kufika Jumanne iko juu ya mti.

Na mzee akisema hiyo ni gemu tu, usibishane naye. Mpe rimoti, mwambie aishushe droni polepole karibu na kituo cha kununulia chai, ikiwa inamtazama. Kisha muongee.