Karata ni za wote, mbinu ina mwenyewe

Mimi nipo hapa hapa Chicago, mzima wa afya, na baridi imeanza kutuachia kidogo. Najua nimekaa kimya mwezi mzima na wengine mmeshaanza kuniandikia eti nimewasusa. Sijamsusa mtu, ni zamu za usiku tu. Leo nimepata siku ya kupumzika nikaona niwaletee ubishi mmoja wa huku. Mwanzoni niliuona wa kitoto, ila kila nikiusoma zaidi naona unatuhusu hata sisi.

Ubishi wenyewe ni wa karata. Sisemi kamari, mama mdogo usishtuke! Nasema mazingaombwe ya karata, na swali wanalogombania ni moja: mbinu fulani ya mkono, nani aliyeibuni?

Kazini kwetu kuna mzee mmoja anayekaribia kustaafu, kila mapumziko anatoa pakiti yake ya karata mfukoni na kutuchanganya akili. Siku moja nikamsifia, nikamwambia mzee, mbinu yako hii ni kali. Akaniangalia kama nimemtukana. Si yangu, akasema, ni ya Marlo. Mwenzake aliyekuwa anakula pembeni akadakia: ya Marlo wapi, hiyo ni ya Vernon! Basi wakashikana kwa maneno mpaka muda wa chakula ukaisha, na mmoja wao hakumaliza chakula chake. Watu wazima, wenye wajukuu. Ndipo nikaanza kusoma.

Mbinu iliyowagombanisha inakwenda hivi. Fundi anachukua karata yako, anaisukuma taratibu katikati ya pakiti, unaiona inaingia kwa macho yako mawili. Anagonga pakiti kwa kidole, anafunua karata ya juu kabisa: ni ileile yako. Kumbe katikati haikuwahi kufika. (Ilikwenda wapi siwaambii, nimemuahidi mzee.) Edward Marlo alitoa kijitabu kuhusu mbinu hiyo mwaka 1962 akaiita Tilt. Watu wa Dai Vernon wakasema mzee wao alikuwa nayo tayari, na kwao jina lake ni Depth Illusion. Mpaka leo ukiitaja kwa jina moja kati ya hayo mawili umeshajulikana uko upande gani, kama mtu aliyevaa jezi ya Simba au ya Yanga.

Hawa wazee wawili ndio kiini cha ubishi wote, kwa hiyo mnivumilie niwaeleze. Marlo alizaliwa hapa Chicago mwaka 1913 na kufariki 1991. Hakuwa mtu wa majukwaa makubwa. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na nje ya kazi yake anachezea karata na kuandika. Aliandika bila kuchoka, vitabu, vijitabu, makala, na kwenye maelezo yake alipenda kuweka tarehe: hili nililifikiria siku fulani, mwaka fulani. Vernon alikuwa Mkanada, mzaliwa wa Ottawa mwaka 1894, akafariki 1992 akiwa na miaka 98. Miaka yake ya mwisho aliishi Los Angeles, akishinda kwenye klabu ya wanamazingaombwe iitwayo Magic Castle, iliyofunguliwa 1963. Vijana walikuwa wanasafiri kutoka mbali kwenda kukaa karibu yake tu, na wote wakimwita Profesa. Yeye mambo yake mengi aliyapitisha kwa mdomo na kwa mkono, kwa marafiki aliowaamini.

Sasa hapo ndugu zangu shida inajionyesha yenyewe. Mmoja anaandika kila kitu na kuweka tarehe. Mwingine haandiki, anaonyesha. Mbinu ikitokea, wa kwanza anasema tazameni karatasi, wa pili wanafunzi wake wanasema sisi tulimwona akiifanya zamani. Wapinzani wa Marlo walidai kwamba mtu akitoa kitu kipya, haupiti muda Marlo naye anatokea na tarehe ya nyuma zaidi. Wapenzi wake wanajibu kwamba mtu anayeshika karata usiku na mchana kwa miaka hamsini ni lazima atakuwa amepita kila njia kabla yenu.

Shemeji yangu nilipomsimulia kwa simu akacheka sana. Akaniuliza, hivi si waende mahakamani tu, huko Marekani si watu wanashtakiana hata kwa kikombe cha kahawa? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niache kuwacheka wale wazee.

Mahakama haiwasaidii. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inasema waziwazi kwamba hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kufanyia kitu. Ukiandika kitabu kuhusu mbinu yako, maneno yako yanalindwa, ila mbinu yenyewe mtu yeyote anaifanya kesho yake asubuhi. Njia ya hataza nayo inataka uweke maelezo hadharani, sasa siri gani tena hiyo? Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ilimpa ushindi mwanamazingaombwe Teller dhidi ya mtu aliyeiga onyesho lake la ua la waridi na kivuli. Lakini alishinda kwa sababu onyesho lilikuwa limesajiliwa tangu 1983 kama igizo la vitendo. Mahakama haikuficha: mazingaombwe kama mazingaombwe hayana hakimiliki. Na igizo lina jukwaa, taa na mwendo. Mtu aliyebuni namna ya kushika karata kwa kidole kidogo atasajili nini?

Kwa hiyo mbunifu wa mbinu ya karata halipwi na sheria, na mara nyingi halipwi na soko pia. Malipo pekee anayoweza kuyapata ni kutajwa jina. Ukimnyima hilo umemnyima mshahara wote. Hebu fikirieni hivyo halafu mseme kama bado ni ubishi wa kitoto.

Mwaka 1940 kilitoka kitabu kiitwacho Expert Card Technique, waandishi ni Jean Hugard na Frederick Braue. Ni kitabu kizito, kinasomwa mpaka leo. Lakini ndani yake yalikuwemo mambo ya Vernon na ya rafiki yake Charlie Miller ambayo hawakuyatoa wao, na hawakutajwa inavyostahili. Waliudhika sana. Ninawaelewa. Kwenye kazi yangu ya kwanza hapa (sitaitaja) nilitafuta namna ya kupanga mizigo kwenye toroli ili tusiwe tunarudi mara mbili mbili. Baada ya wiki mbili msimamizi akaieleza kwenye mkutano kama ya kwake, akapigiwa makofi, na mimi nikiwa nimekaa mstari wa nyuma. Hakuna hela niliyopoteza. Lakini naikumbuka mpaka kesho.

Ila na huyo Vernon naye simwachii hivi hivi. Mkisikia habari ya mgawo wa katikati mtanielewa. Wacheza kamari wezi walikuwa na ndoto moja kubwa: kugawa karata kutoka katikati ya pakiti huku waliokaa mezani wakidhani zinatoka juu. Kwa nini katikati? Kwa sababu baada ya kuchanga, karata hukatwa, na karata nzuri ulizoziweka chini zinajikuta katikati. Anayeweza kugawa kutoka hapo hakamatiki. Wengi waliamini ni hadithi tu. Mwaka 1932 Vernon akiwa Wichita, Kansas, alizungumza na mfungwa mmoja Mmexico jela, na mfungwa huyo akamwambia amemwona kwa macho yake mtu anayeweza. Vernon akaacha shughuli zake akaanza kuulizia kwa wacheza kamari wa eneo la Kansas City, mpaka akampata mwenyewe kwenye kimji kidogo cha Pleasant Hill, jimbo la Missouri. Jina lake Allen Kennedy. Kennedy akamwonyesha, na akamfundisha.

Mwandishi Karl Johnson aliifuatilia habari hiyo yote akaitolea kitabu mwaka 2005. Fikirieni sasa: Kennedy alifariki 1961, na nje ya duara dogo jina lake halikuwa na maana kwa mtu. Aliyekuwa maarufu ni aliyemtafuta. Wanaomtetea Vernon wanasema bila yeye tusingemjua Kennedy kabisa, na ni kweli, ni yeye aliyekuwa anaisimulia safari hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya ufundi wanaouita wa wanamazingaombwe wakubwa ulianzia kwenye meza za wezi wa kamari, watu ambao hawakuweza kusema hadharani "mimi ndiye niliyebuni", maana wangepigwa risasi. Mwizi hana pa kudai. Huyo Mmexico wa jela naye, bila yeye hakuna safari.

Kuna mwingine aliyejificha kwa makusudi. Mwaka 1902, hapa hapa Chicago, kilitoka kitabu The Expert at the Card Table, mwandishi anajiita S. W. Erdnase. Ni kama msahafu wao, Vernon alikisoma maisha yake yote. Jina hilo si la mtu. Ukilisoma kinyumenyume unapata E. S. Andrews, na zaidi ya miaka mia moja watu wanamtafuta huyo Andrews. Mwandishi Martin Gardner alimpata mchoraji wa picha za kitabu hicho, Marshall D. Smith, mwaka 1946, mzee akakumbuka chumba cha hoteli chenye baridi na mtu mwenye mikono ya ajabu, lakini suala halikuisha. Gardner aliamini ni Milton Franklin Andrews, mtu aliyekufa 1905 akisakwa na polisi. Wengine wana watu wao. Kinachonichekesha mimi ni kwamba bwana huyo aliyelificha jina lake kwa ustadi wote huo, ndani ya kitabu mbinu moja akaiita kwa herufi zake mwenyewe, S. W. E. Hata aliyejificha alitaka ijulikane kwamba ile ni ya kwake!

Msimamo wangu basi ni huu, na mnaweza kunibishia. Tarehe iliyoandikwa kwenye daftari lililofungiwa kabatini siikubali kuwa ushahidi. Kama hukumwonyesha mtu, mwenzako aliyeifikia kwa jasho lake hana deni kwako. Hapo namkatalia Marlo, ingawa namheshimu kwa kuandika. Kwa upande wa pili, yule aliyejifunza kwa mtu halafu akasambaza, anatakiwa alitaje jina la mtu huyo kila mara, hata kama ameiboresha mbinu mara kumi. Kuboresha ni kazi na ina sifa yake, lakini haifuti ya kwanza. Na anayeficha kila kitu asilalamike baadaye. Hofzinser wa Vienna, aliyefariki 1875, inasemekana aliagiza karatasi zake zichomwe moto, na mkewe akazichoma. Tunachokijua ni kile Ottokar Fischer alichokusanya kwa taabu na kukitoa 1910. Mangapi mengine yake yamebuniwa upya na watu wasiojua kwamba walitanguliwa? Ni yeye aliyetaka.

Mfano ninaoupenda ni wa Alex Elmsley, Mwingereza mwenye asili ya Scotland, aliyefanya kazi za kompyuta. Alibuni namna ya kuhesabu karata nne huku moja haionekani, akaiita hesabu ya mzimu. Wenzake wakalikataa jina hilo zuri, wakaiita hesabu ya Elmsley, na hivyo ndivyo inavyoitwa dunia nzima. Alifariki 2006 na kila anayejifunza karata wiki ya kwanza anamtaja. Herb Zarrow naye, mhasibu wa Marekani, alitoa namna yake ya kuchanga bila kuchanga mwaka 1957, na hadi leo ni mchango wa Zarrow.

Sasa turudi kwetu. Sisi karata tunazo siku nyingi, na hata majina yake tumeyachukua kwa Wareno: kopa, shupaza, pau, uru, na neno lenyewe karata. Nani kati yetu anakumbuka akikaa barazani kucheza? Na wale wa pata potea pale stendi, vidole vile mnavifahamu, mmoja wenu (sisemi nani) aliacha saa pale. Mbinu zile kuna aliyezifundisha.

Tena kuna yule mzee wa mazingaombwe aliyekuwa anapita shule za msingi, mnakumbuka? Tulikuwa tunachangishwa vijisenti, tunakaa chini uwanjani, anatoa vitambaa mdomoni. Alikuwa na mchezo mmoja wa karata tatu na kanga ambao sijauona kwa mtu mwingine yeyote, wala kwa huyu mzee wa kazini, nimemweleza akabaki anakuna kichwa. Akaniuliza: huyo aliitwa nani? Nikakosa jibu. Sote tulimwita Profesa tu, kama Vernon.

Kaka mkubwa, wewe ulikuwa darasa la sita wakati huo. Mjomba, wewe ulikuwa unafundisha pale, na nadhani alilala kwenu usiku mmoja. Kama kuna anayelijua jina lake kamili na alikotoka, naomba aniandikie hapo chini au anipigie Jumapili, saa za huko jioni niko macho. Mzee ameshaandaa daftari lake, amechora mchezo wote nilivyomweleza, na juu ya ukurasa ameacha nafasi.